Idadi ya Waliomo Chumbani

Fundi alipita kiubavuubavu kati ya kitanda na cherehani yake, akasema, "Nipishe kidogo," ndipo akakumbuka kwamba chumbani hakuna mtu.

Alisimama na furushi la nguo za wateja mikononi. Ile nafasi alikuwa akiipita kila siku bila hata kutazama miguu.

"Unamwambia nani?" mumewe aliuliza kutoka sebuleni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mchana ule alikuwa akisahihisha mtihani.

"Simwambii mtu. Naona chumba kimepungua."

"Chumba hakijapungua, Fundi. Labda kuna mtu ameongezeka."

"Nenda huko! Ukinenepa wewe ni afya, nikinenepa mimi ni hesabu."

Alikuja akaegemea kiti cha mumewe. Karatasi ilikuwa imejaa wino mwekundu.

"Wamekosa wote?"

"Karibu wote, tena kosa lilelile. Mbili kipeo cha tatu, mara tano kipeo cha pili. Wanazidisha mbili kwa tano, wanajumlisha vipeo, wanapata kumi kipeo cha tano. Laki moja! Jibu ni mia mbili."

"Sasa wafanyeje, Mwalimu?"

"Namba za chini ni tofauti na vipeo ni tofauti, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Kila moja uifanye peke yake. Hii ni nane, ile ni ishirini na tano. Ndipo uzidishe."

"Maskini wa Mungu. Kutoka mia mbili mpaka laki." Alicheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya chumba walicholala watu wengi madirisha yakiwa yamefungwa, na haikutoka hata Fundi alipofua mashuka na kuanika godoro juani. Baadaye ikaja sauti. Akikanyaga cherehani hakuisikia, lakini akisimamisha gurudumu ili akate uzi, aliisikia wazi: pumzi, nyingi, zikivutwa na kutolewa kwa zamu.

"Ni upepo," Mwalimu alisema.

"Upepo haunipumui shingoni."

Asubuhi moja alimwita mumewe kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mwalimu. Njoo unitoe."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amesimama kwenye kona ya cherehani, mgongo ukutani, na gauni lake lilikuwa limemganda mwilini pande zote kama kitambaa kilichowekewa pasi. Mwalimu aliingia hatua moja, akasukumwa. Alinyoosha mkono katika hewa tupu akagusa bega la mtu, lenye joto, na nyuma ya bega hilo bega lingine. Alizunguka nje mpaka dirishani. Nondo zilikuwa na nafasi ya kutosha mkono mzima kupita, lakini mkono wa Fundi ulitoka mpaka kwenye kiwiko tu, kisha ukavutwa ndani taratibu, vikabaki vidole.

Mdogo wake Fundi alikuja na mganga, mwanamume mfupi mwenye viatu vilivyong'arishwa, asiye na maneno mengi.

"Shemeji," yule mdogo alisema ukumbini, "umejaza watu chumbani kwa dada yangu, bila hata kutuambia?" Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mganga alitua chetezo kizingitini. Moshi wa ubani ulipanda kwenye uwazi wa mlango, ukatandazwa kama umekutana na ukuta.

"Mko wangapi humo?" aliuliza.

Kinywa cha Fundi kilifunguka, lakini sauti haikuwa yake.

"Tulianza na mmoja. Kila mmoja wetu akishazaa hutoweka. Vizazi vinne tulizaa wawili wawili. Vizazi viwili vya mwisho tukazaa watatu watatu. Waliopo ni hao wa mwisho."

Mganga alimgeukia Mwalimu. "Hawa hufukuzwa kwa idadi, na anayeitaja ni mwenye nyumba. Ukitaja pungufu, wanaozidi watabaki. Ukitaja zaidi, wanaokosekana wataitwa waje kutimiza, na hakuna atakayeondoka mpaka watimie. Unataja mara moja tu."

"Mbili kipeo cha nne," Mwalimu alisema polepole, "mara tatu kipeo cha pili."

"Mimi sijui hayo. Nataka idadi."

"Shemeji, we si mwalimu?" mdogo mtu alinong'ona. "Taja basi!"

"Fanya haraka," alisema Fundi, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Mbavu zangu."

Mwalimu alipiga magoti na chaki ukumbini, na kutoka chumbani zile pumzi zilianza kwenda kasi kama za watu wanaosubiri kuitwa, na kila mara Fundi alipoguna yeye aliruka mstari, akarudi, akaona mbili na tatu zikisimama mbele ya macho yake kama mbili na tano alizoziona wiki nzima kwenye karatasi za wanafunzi, karatasi baada ya karatasi, kosa lilelile likijirudia mpaka limekuwa jambo alilolizoea kuliko ukweli, na mkono wake ukafanya alichokiona mara nyingi zaidi: mbili mara tatu, sita, nne kujumlisha mbili, sita, sita kipeo cha sita. Akazidisha. Thelathini na sita, mia mbili kumi na sita, akaendelea mpaka mwisho, na katika kuzidisha hakukosea hata tarakimu moja.

"Elfu arobaini na sita, mia sita hamsini na sita," alisema kwa sauti kubwa. "Tokeni!"

Ile sauti ikajibu kwa adabu, "Bado hatujatimia."

Nje, geti likalia kwenye bawaba zake.

Mwalimu alitazama sakafu. Kumi na sita. Tisa. "Mia moja arobaini na nne!" alipiga kelele. "Nimekosea! Ni mia moja arobaini na nne!"

"Umeshatuita," ilisema sauti.

Geti lililia tena, na tena, na kitu chenye joto kikampita ukumbini kikimsukuma begani, kikafuatwa na kingine. Mganga alichukua chetezo chake. "Sheria ni sheria. Wakitimia, wataondoka." Alimshika mkono yule mdogo mtu, aliyekuwa akimwita dada yake kwa jina, akamtoa nje kwa mlango wa jikoni.

Mwalimu naye alijipenyeza akakimbilia dirishani. Kioo, kilichokuwa nusu wazi, kilikuwa na ukungu kwa ndani. Kati ya nondo vilionekana vidole vya Fundi, kidole cha kati kikiwa na alama za sindano. Akavishika.

"Mwalimu, mbona hawatoki?"

"Wanajipanga."

"Nasikia wengine wanaingia."

"Watatoka wote pamoja. Mganga amesema."

Fundi alivuta pumzi fupi, kama mtu anayenusa. "Wamebaki wangapi?"

Mwalimu alijua. Ilikuwa kutoa tu, na mara hii akili yake ilikuwa safi kabisa: elfu arobaini na sita, mia tano na kumi na mbili, ukiondoa hawa wachache waliokwisha kupita.

"Kidogo tu," alisema.

"Basi nihesabie. Nikisikia unahesabu, nitavumilia."

Ukuta ulitoa mlio mwembamba karibu na fremu ya dirisha. Geti likafunguka, likajifunga. Mwalimu akabana vile vidole, akaweka mdomo karibu na nondo ili mkewe amsikie vizuri.

"Moja," alisema.