Kibonge cha Udongo wa Muanda

Mkanda wa mfuko wa Clovis ulikatika katikati ya soko la Kasongo, mbele kabisa ya cherehani ya Feza. Kijana alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na viatu vyekundu kwa vumbi la Wamaza, kijijini kwao alikokuja likizo. Feza akamtazama, akacheka.

"Leta huku. Kuangalia tu hakushoni kitu."

Kesho yake Clovis akarudi bila cha kushonwa. Alisema anafanya kazi Muanda, kwenye visima vya mafuta baharini.

"Ndiyo maana ulimi yako inateleza," Feza akamtania.

Basi wakazoeana, na kila jioni simu ililia.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula sombe. Na wee?"

"Mi nangoja ile utanipikia."

Feza alizoea kulala akitabasamu. Alimpenda, hakuwa na haja ya kuficha.

Asubuhi moja Clovis alipojiandaa kwenda Salamabila kwa pikipiki, alimwachia ule mfuko aukaze mkanda. Feza aliufungua apate kuugeuza. Ndani akakuta vibonge vya udongo wa kijivu, vimekaushwa, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi safi. Pemba! Mji mzima unajua kwamba mwanamume anayetembea na udongo wa kutafuna ana mke mjamzito. Shemeji yake mwenyewe alizunguka nao mfukoni hadi dada alipojifungua.

Feza alilia juu ya kitambaa cha watu. Kisha akazima simu, akampa jirani yake Anastasie mfuko aurudishe. Kibonge kimoja alikibakiza kwenye droo, amtupie usoni siku atakapothubutu kuja.

Hakungoja sana. Clovis alifika akihema, mfuko mkononi, shati limelowa jasho.

"Feza, moja haiko. Ulikula?"

"Nikule pemba ya bibi yako?"

"Bibi gani?"

"Ule mwenye mimba, kule Muanda."

Clovis alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Fungua kinywa."

Kwa mshangao Feza akafungua, naye akamchungulia ulimi kama muuguzi.

"Hii haiko pemba," akasema. "Iko matope ya chini ya bahari, karibu na visima. Kazi yangu ni kuipima. Hii nilipima, iko na risasi, ile madini ya sumu. Nawapelekea wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila waone, sababu zebaki yao nayo inalala vile vile chini ya muto yetu. Muke mwenye mimba akikula sumu ya vile, inafika kwa mutoto."

Feza akavuta droo. Kibonge kilikuwa kizima, karatasi haijafunguliwa. Clovis akaketi chini palepale, na Feza akaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwogopea hivyo.

"Nilichunga hii ya kukutupia usoni," akasema taratibu.

"Tupa basi."

Feza akamwekea kiganjani.

"Sina bibi," Clovis akasema. "Ila nataka moja, huyu mwenye cherehani. Siku utabeba mimba, pemba nitakutafutia mwenyewe."

"Na utapima kwanza?"

"Nitapima kwanza."

"Basi upitie kwa baba ukitoka Salamabila," Feza akasema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa leta ule mufuko. Mukanda haijakazwa bado."