Ulipewa Mji, Toa Jibu

Adhana ya magharibi ilinikuta njiani, bakuli la ugali na visamaki vya ndagala mkononi, magoti yakilia kama bawaba. Nilikuwa namfuata mwanangu Shakuru. Siku tatu hajarudi nyumbani Jabe. Mtu mzima, ana ndevu, anafuatwa na mama yake kama mbuzi.

Gereji anayofanyia kazi, ya Khaled, iko mtaa wa Asiatique. Si mbali, kwa mwenye miguu. Geti la bati lilikuwa wazi. Nyundo kimya. Redio kimya. Ila dadu tu... tk, tk, tk... juu ya mbao.

Shakuru na Khaled walikuwa wamekaa chini mbele ya ubao uliochorwa vyumba vya chini ya ardhi, vijitu vya chuma vimesimama humo. Ng'ambo ya ubao, mgeni aliyerusha dadu. Kanzu nyeupe, ndani ya gereji, bila tone la oili.

Na harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Shakuru, twende."

"Njia siikumbuki, mama."

"Njia ya wapi?"

"Ya Jabe."

Amezaliwa Jabe.

Khaled alinong'ona bila kuinua uso. "Ni mchezo wake, bibi. Kila chumba kina kitendawili. Ukishindwa, unamupa mji. Tulizani ni maneno tu. Mi nilimupa Carama."

Carama ndiko nyumbani kwake, ndiko aliko mkewe Kaltum. Sasa Khaled alikuwa analala gerejini, juu ya matairi.

Sisi sote tumekua tukigawa miji hivyo. Gitega peke yake nimeigawa mara mia, na bado iko palepale.

"Kitendawili," mgeni akasema.

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka kusimama. "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hata mutoto anajua."

"Apana."

"Na sisi tulisema yai," Shakuru akanong'ona.

"Nipe mji," mgeni akasema.

Hofu nilikuwa nayo, ila uchovu uliizidi. Shule sina, lakini vitendawili nilifundishwa na mama yangu, mtu wa Ujiji. Kitendawili kigumu si kosa. Ila ukipewa mji, jibu unatoa.

"We ulipewa Jabe. Ukapewa Carama. Jibu liko wapi? Kula mji na kuficha jibu ni wizi. Toa jibu ama rudisha miji."

Dadu ikanyamaza.

Mgeni akaniangalia kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtu anayehesabu vyumba.

"Bibi anadai haki," akasema. "Chukueni miji yenu. Na jibu pia. Mutalikuta nyumbani."

Akakunja ubao, akatoka. Viatu vyake hatukuvisikia.

Khaled akakimbilia Carama, gereji ameiacha wazi. Shakuru akatangulia, kona baada ya kona, hakukosea hata moja. Nikamwambia ugali umepoa kwa ajili yake. Akacheka.

Tulipofika, akagusa ukuta. Akasogea, akagusa tena. Akazunguka nyumba mara mbili, viganja kwenye matofali.

"Mama... mlango uko wapi?"

Alikuwa amesimama mbele ya mlango wenyewe.

Tangu siku ile namshika mkono kumwingiza, namshika mkono kumtoa, maana hata akiwa ndani haoni ila kuta. Khaled analala uani kwake, Kaltum anamtolea chakula nje. Khaled mwenyewe amekataa kuingia asije akakwama. Mgeni hakuonekana tena. Mwizi siwezi kumwita. Jibu alilitoa.

Ila nazeeka. Nikifa usiku, Shakuru atakuwa ndani.