Sufuria Mbili za Mchuzi

"Nani amekufundisha kula pilipili?"

Mumewe alibaki na tonge la mwisho mkononi. Mama wa watu alikuwa amekosea kati ya sufuria zake mbili, akampakulia mchuzi anaojipikia yeye mwenyewe, ule wenye pilipili mbuzi iliyopasuliwa. Mtu ambaye harufu tu humkohoza, leo kala kimya, kijasho puani, basi!

"Si... nimezoea tu."

"Umezoea wapi? Hapa kwangu unakula hoho! Una mwanamke, sema!"

Simu ikalia mezani. Mume, fundi seremala, akanyoosha mkono, mkewe akamzidi wepesi. Ujumbe ulitoka kwa "Jikoni":

"Leo umeiweza. Kesho nakupandishia kali zaidi. Mkeo asijue."

Jamani! Mwaka wa kwanza wa ndoa mume alipaliwa na pilipili zake, akafoka, "Kalie mbali hiyo sumu yako!" Tangu siku ile mke alikula jikoni, juu ya kigoda, peke yake, akisikia kijiko cha mumewe upande wa pili wa ukuta. Upweke ule aliumeza kila jioni. Kumbe mwenzake ana meza nyingine!

Akaipiga namba ile, akaweka spika.

"Eeh, fundi, moto umepita?" Sauti ya mzee, yenye kikohozi.

"Ni mkewe. Wewe nani?"

"Lo, mkwe wangu! Mimi mpishi wa hapa kazini. Mumeo kaniganda nimfundishe. Tulianza na zile ndefu za kijani, akalia huyo, nusura aite mama yake! Juzi ndiyo kaanza mbuzi, nusu, bila mbegu. Ile pilipili kichaa, ndogo lakini moto, hajaigusa. Nisamehe, alitaka kukushtukiza."

Mzee akakata simu. Mume kainamisha kichwa.

"Si ungeniita tu nirudi mezani?"

"Mara ngapi nimekuita? Unasema pilipili zako zitanikera. Neno langu ndilo lilikufukuza, nikaona nikufuate huko huko. Nimechoka kula na ukuta, mke wangu."

Mwanamke akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana vidole vilikuwa na pilipili. Mume akabeba sahani, akaingia jikoni, akapindua ndoo, akaketi kando ya kigoda.

"Niongeze."

Mkewe akamwongeza. Kisha akachokoa pilipili kichaa iliyokuwa nzima katikati ya nyama, akaihamishia kwenye sahani yake yeye mwenyewe.

"Hii iache, baba. Hii utaifikia mwakani."