Chumba cha Mjomba

Kiti kilikuwa cha moto. Daktari alilipuuza jambo hilo, kwa sababu mtu aliyetoka darasani vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya nchi ya watu hagombani na kiti chenye joto. Alikaa, akajisemea labda ni lile bomba la kupasha chumba joto. Bomba lenyewe lilikuwa ukuta wa pili, na lilikuwa limeharibika tangu wiki iliyopita.

Hakuwa daktari wa kitu chochote bado. Mama yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo siku barua ya chuo ilipofika, na mtaa mzima ukadakia. Barua hiyo ilitokana na juhudi za mjomba, aliyesoma chuo hichohicho miaka kumi na mmoja kisha akarudi bila cheti wiki ileile Daktari alipoingia. Mjomba alihangaika na kila fomu, akapigia simu kila ofisi, hata chumba akamwombea kilekile alichokaa yeye. Watu walimsifu kwa roho nzuri. Waliharakisha kumsifu.

Vikaja vituko vingine. Kurasa zilijifunua akiwa bafuni. Harufu ya nywele zilizolowa ilikaa palepale mezani, ukisogea hatua mbili huisikii. Mara mtu alikohoa kidogo, kwa adabu, kama msomaji wa maktaba anayeomba mwenzake apunguze kelele. Daktari hakumwambia mtu. Angemwambia nani, profesa wake?

Likizo ilipofika akakata tiketi ya nyumbani. Alishuka ghorofa nne na begi lake, akamuaga msimamizi wa bweni, akasukuma mlango mkubwa wa kutokea barabarani, na mguu wake ulipovuka kizingiti ukakanyaga zulia la chumba chake. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekosa usingizi. Akashuka tena. Mara ya tatu alikimbia, mara ya nne alishuka kinyumenyume akiwa amefumba macho na kushikilia ukuta, na kila mara zulia lilikuwa pale, na meza, na kitabu kilichofunguliwa ukurasa aliouacha. Darasani aliruhusiwa kwenda, na dukani, na maktaba. Akishika njia ya nyumbani tu, hata mikono mitupu, barabara ilimrudisha.

Akampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba akaitikia kwa sauti ya chini sana: "Marahaba. Uko chumbani?"

"Niko bafuni."

"Kaa hukohuko. Kiti... bado kina joto?"

"Ulijua."

"Mjomba wangu, nisikilize..."

"Ulijua, na ukaniombea chumba!"

"Punguza sauti, atasikia! Hapigi, hadhuru. Anataka mwenzake wa kusoma naye, basi. Nimemsihi miaka kumi na mmoja. Akasema nimletee wa damu yangu, aingie mwenyewe kwa miguu yake, ndiyo na mimi nitoke." Mjomba alikuwa akilia. "Sina mtoto, mjomba. Ningekuwa naye ningemleta yeye, Mungu anisamehe. Wewe una mdogo wako. Ana akili yule. Mwandikie."

Daktari akakata simu. Alikaa sakafuni, akala kiapo kwamba hataandika hata herufi moja. Yule binti kitinda mimba wa mama yake, aliyekuwa akiigiza mwendo wa kaka yake mpaka wageni wakavunjika mbavu, hatatia mguu humu. Alimchukia mjomba na kumwonea huruma kwa pamoja, na hilo lilizidi kumuudhi.

Alirudi chumbani afute anwani za ndugu zote kwenye kompyuta. Ndipo alipoziona: miezi sita ya barua kwenda kwa mdogo wake, zimetoka kwake yeye, zina utani wake, zina hata lile jina la kumchokoza ambalo hakuna mwingine anayelijua, zinamweleza fomu za kujaza na picha za kupiga na koti la kununua, na chini ya kila moja jibu la binti aliyejaa furaha, mpaka ile ya mwisho, ya juzi, iliyosema ukishuka kwenye treni uliza bweni, panda ghorofa ya nne, usingoje kufunguliwa, ingia tu.

"Hodi! Kaka, usiniambie umelala mchana wote huu!"

Kitasa kilianza kuteremka. Daktari aliurukia mlango, akaushindilia kwa bega.

"Usiingie!"

"We kaka, acha mchezo. Nimechoka, na baridi hii."

Akimwambia ukweli, hataondoka. Alimjua: angevunja mlango ili amtoe.

"Nani kakuita hapa?"

"Si umeniandikia mwenyewe?"

"Niliandika kwa sababu mama alinisumbua. Sikutaki. Nina watu wangu huku, na wewe utaniaibisha. Rudi kwenu."

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo: "Kwenu? Kaka, si kwetu sote?"

"Kwenu!" akapiga kelele. "Na usinitafute tena!"

Alimsikia akivuta kamasi. Akasikia magurudumu ya begi yakigonga ngazi moja baada ya nyingine, ghorofa nne nzima, naye ameng'ata mkono wa shati ili kilio chake kisivuke mlango. Mlango mkubwa wa chini ukajifunga. Amekwenda, amepona, na atamchukia maisha yake yote. Daktari alishukuru kwa moyo uliopasuka.

Nyuma yake vitufe vya kompyuta vilianza kulia, bila haraka, bila hasira. Aligeuka. Kiti kilikuwa kimevutwa karibu na meza, na maneno yalikuwa yakitokea kwenye kioo:

*Mama, shikamoo. Nimemaliza masomo. Nataka uje kwenye mahafali, unione nikivaa joho. Ghorofa ya nne.*

Alikimbilia mezani, lakini kabla hajafika barua ilikuwa imekwenda. Na mama yake hakuwa mtu wa kufukuzwa mlangoni kwa matusi.