Vidonge vya Wiki Moja

Fundi cherehani alikaa mezani, akihangaika kutunga uzi kwenye sindano. Kichwani alikuwa amefungwa bandeji. Ilikuwa siku ya nne tangu atolewe uvimbe kwenye ubongo.

Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, hakwenda kazini. Kila mkewe alipokaa kimya, aliuliza, "Uko sawa?"

"Ukiniuliza tena nitakushona mdomo."

Mume alicheka kidogo, akaenda kutandika kitanda. Chini ya mto akakuta vidonge viwili vya hospitali. Akarudi navyo mezani.

"Mama watoto, hivi mbona hukuvimeza?"

Mkewe aliinamisha uso. "Jana wifi alisoma karatasi ya dawa. Kasema ni za kifafa. Mimi sijawahi kuanguka hata siku moja! Halafu zinanilevya usingizi."

"Meza vyote sasa hivi!"

"Sitaki!"

Mume alimpigia simu muuguzi wa wodini. Kwa haraka, akakosea namba mara ya kwanza.

"Asimeze viwili kwa mpigo," muuguzi alisema. "Subiri nimuulize daktari."

Alisubiri, macho kayakaza kwenye mikono ya mkewe. Hatimaye sauti ikarudi. "Ameze kimoja sasa, kisha afuate saa zake. Nipe mwenyewe."

Mke alipokea simu.

"Mama, huna kifafa. Ila ubongo ukiguswa na upasuaji unaweza kushtuka, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Siku za mwanzo tunazihofia zaidi. Ndiyo maana daktari amekupa kinga ya wiki moja. Usingizi ni kweli unakuja. Ukiona vipele au ukitapika, tupigie. Usiache dawa kimyakimya."

"Na akianguka?" Mume alikuwa ametega sikio.

"Mlaze kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Mlete haraka."

Mke akameza kidonge. Siku zilizobaki zilikuwa ndefu. Hata kijiko kikianguka jikoni, mume alikuja mbio.

Wiki ilipotimia walirudi kliniki. Daktari alikagua kidonda, akatabasamu.

"Vidonge basi."

Mume akashtuka. "Tusiongeze kidogo, daktari? Kwa usalama tu?"

"Angekuwa ameanguka, tungeendelea. Hajaanguka. Akizidi kumeza atabaki na usingizi bila faida. Kuanza dawa na kuacha, vyote tuulizeni sisi."

Nje, mume alimshika mkewe kiwiko kama anayebeba yai.

"Niachie, baba watoto. Nitembee."

Alisita. Kisha akamwachia, akamfuata hatua moja nyuma. Walipofika barabarani walikuwa wakitembea sambamba.