Shati la Bendera na Tope la Tukuyu

Hadithi inakuja, ipisheni njia. Ina tope miguuni.

Kule Tukuyu mvua hunyesha mpaka vyura wenyewe wanachoka. Huko ndiko alikokaa Sekela, msichana wa darasa la kwanza. Mdomoni alikuwa na meno mawili pungufu na maneno mengi ya ziada.

Sekela alikuwa na shati moja jeupe la shule. Moja tu. Na Jumatatu, Sekela ndiye angepandisha bendera.

Mwalimu Lugano alikuwa amesema, "Anayepandisha bendera awe na shati safi. Nikiona doa, bendera atapandisha Gwakisa."

Gwakisa, mwenzake wa darasani, alitabasamu. Sekela hakulipenda tabasamu lile hata kidogo.

Jumapili mchana, Mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. "Shati liko kwenye msumari," alisema. "Lisiguswe."

Sekela hakuligusa. Alilivaa tu.

Alitaka kufanya mazoezi kidogo. Akafunga kanga ya Mama kwenye kamba, akaivuta juu ya mpapai. Wii, wii, wii. Kanga ikapanda. Kuku wote wakasimama wima.

Mara akapita Amba, rafiki yake, na ganda la mgomba mkononi. Ganda la mgomba ndilo gari la watoto wa Tukuyu. Unalikalia, unashika pembeni, unateleza kilima kizima.

"Sekela, twende," Amba akasema.

"Siwezi. Nimevaa shati la bendera."

"Mara moja tu."

Mara moja tu. Maneno hayo yamewaponza wengi, na hata wewe unayesomewa unajua.

Sekela akalikalia ganda. Chuuuuuu. Akashuka, akapinduka, akaangukia tumbo. Pwaa.

Chini kulikuwa na tope jekundu, zito, lisilo na adabu. Lilimkumbatia Sekela tumbo lote.

Sekela akarudi nyumbani analia. Alilia kidogo kwa kumwogopa Mama. Lakini hasa aliililia bendera.

Baba alikuwa uani, anamenya ndizi. Baba Sekela alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Ukimuuliza, anajua. Usipomuuliza, anajua zaidi.

"Unalilia tope?" Baba akasema. "Tope kwangu ni kitu kidogo. Lete beseni."

Akalichukua shati na tope lake bichi, akalitumbukiza majini. Akakunja mikono ya shati lake. Akaanza.

*Fikicha, fikicha, fiki-fiki-fiki.*
*Doa limekaa, kama mgeni asiyeaga.*

Sekela akachungulia. Doa lilikuwa tumboni. Sasa lilikuwa limefika kwenye kola.

"Baba, linakua."

"Halikui. Linatafuta njia ya kuondokea," Baba akasema.

Akamimina maji ya moto. Akamimina sabuni ya unga. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko.

*Fikicha, fikicha, fiki-fiki-fiki.*
*Doa limekaa, kama mgeni asiyeaga.*

"Najua," Baba akasema. "Bado bluu."

Bluu ni ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mama huitia kidogo sana, kwa ncha ya kijiko. Baba hakuwa na habari ya ncha ya kijiko. Akamwaga pakiti nzima. Pufu.

Shati likawa la bluu. Mikono ya Baba ikawa ya bluu. Ndevu zake pia, maana alijikuna. Doa peke yake ndilo lililobaki jekundu, limetulia katikati.

Sekela akamtazama baba yake. "Baba, umewahi kufua?"

Baba akalichovya shati tena.

"Nimewahi kuona," akasema.

Hapo hapo Mama akaingia, anaimba wimbo wa kwaya. Wimbo ukakatika. Mama akalitazama shati. Akamtazama mtoto. Akamtazama mumewe. Hata jogoo akaona bora anyamaze.

"Nani alilivaa?" Mama akauliza.

"Mimi, Mama," Sekela akasema. "Naomba unisamehe."

"Na nani alilifua?"

Baba akatazama mawingu, kana kwamba mawingu ndiyo yaliyofua.

"Baba Sekela," Mama akasema, "tope bichi halifikichwi. Linaachwa likauke. Linakung'utwa. Ndipo nguo inafuliwa. Ukilifikicha bichi, unalishindilia ndani."

"Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo," Baba akasema.

Sekela hakucheka. "Mama, kwa hiyo bendera atapandisha Gwakisa?"

Mama akaweka mkoba chini. Akavuta kigoda. "Jua bado lipo. Lete maji ya baridi."

Wakasuuza. Chubwi, chubwi. Maji ya bluu yakamwagwa. Wakasuuza tena. Chubwi, chubwi. Shati likarudi kuwa jeupe, isipokuwa tumboni mpaka kwenye kola.

Mama akachukua kipande cha sabuni ya mche. Akalipaka doa mpaka likafunikwa kabisa. Akalitandaza shati juu ya majani safi, na povu lake.

"Sasa liacheni hapo. Povu na jua vifanye kazi. Wewe na baba yako mtakaa hapa, mtalinda. Likikauka, nyunyizeni maji. Msilifikiche."

Wakakaa, baba na mtoto, kama watu walioadhibiwa. Na kweli walikuwa wameadhibiwa.

Kukaa bila kufikicha ni kazi ngumu kuliko kufua. Jaribu uone.

Kuku akaja na miguu yake michafu. Sekela akamfukuza. "Shaa."

Mbuzi akaja, akataka kuonja mkono wa shati. Sekela akamvuta sikio, akamwonyesha majani mengine.

Povu likaanza kukauka. Sekela akanyunyiza maji kwa vidole. Nyu, nyu, nyu.

Kisha mkono wa Baba ukaanza kulinyemelea shati. Polepole. Alitaka kufikicha kidogo tu.

"Baba," Sekela akasema.

Mkono ukarudi.

Kutoka kilimani, Amba akaita. "Sekela, njoo. Mara moja tu."

Makalio ya Sekela yalitaka kwenda. Sekela akayakalia kwa nguvu.

"Teleza wewe," akajibu. "Mimi nalinda."

Jua likaanza kuinama. Mama akaja na maji safi. Akampa Sekela shati. "Haya, fikicha wewe sasa. Taratibu."

*Fikicha, fikicha, fiki-fiki-fiki.*
*Doa likafungasha, likaaga, likaenda zake.*

Sekela akaligeuza shati mbele na nyuma. Akamrukia Mama shingoni na mikono yake yenye maji. Mama akalowa mgongo mzima.

Baba akaona naye ajirekebishe. Akawasha pasi ya mkaa, akalipiga shati pasi mpaka likakauka. Hakuliunguza. Sisi sote tulishangaa.

Jumatatu asubuhi, Gwakisa alimzunguka Sekela mara nyingi. Alitafuta doa mbele. Alitafuta nyuma. Alitafuta hata kwapani. Akarudi mstarini, mdomo umemshuka.

Sekela akashika kamba. Wii, wii, wii. Bendera ikapanda, na watoto wote wakaimba. Sekela alifurahi mpaka mapengo yake yote mawili yakaonekana.

Usiku, Mama alimfunika Sekela shuka. Baba akasimama mlangoni.

"Walisemaje juu ya shati?" Baba akauliza.

"Hawakusema kitu. Hawakuliona. Wote walikuwa wanatazama juu, kwenye bendera."

"Wote?"

"Wote, Baba."

Baba akakaa kitandani taratibu, maana pasi yake yote haikuonwa na mtu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Sekela akapiga mwayo. "Mama, kesho sipandishi bendera tena."

"Ndiyo, hupandishi."

"Basi kesho shati linaweza kuchafuka. Kidogo tu."

"Lala, Sekela," Mama akasema, akazima taa.

Sekela akalala. Na nje mvua ikaanza kunyesha, polepole, ikiandaa tope la kesho.