Nani Aliyeng'oa Bendera Nyekundu?

Mliiona. Usiniambie hukuiona. Tangu alfajiri bendera nyekundu ya hatari ilikuwa imesimama pale lifti ya kupandia mlima inapoishia, na ilipotoweka mkageuza nyuso, mkakaza viatu vyenu, mkapanda. Theluji laini mnaipenda, maswali hamyapendi. Basi leo utakaa usikilize.

"Bachana, usifungue juu!" Gvantsa, mpima theluji wetu, alikuwa anahema kwenye simu. "Nimechimba karibu na miamba. Chini ya theluji mpya kuna tabaka linamwagika kama sukari. Nimekanyaga tu, mteremko mzima ukaguna."

"Ukaguna vipi?"

"Ukaguna, Bachana! Kama ng'ombe anayejilaza. Nimekimbia. Mimi, nimekimbia!"

Bachana, anayeendesha lifti ya baba yake, aliitazama foleni. Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo, upepo ukairundika upande mmoja, na sasa jua lilikuwa limetoka. Watu wa mjini Tbilisi walijaa hadi kwenye kibanda cha mikate ya jibini. Nyuma yake akasimama mzee Otar mwenyewe, mwenye lifti, mwenye hoteli.

"Nani huyo? Mkwe wangu?"

"Anasema juu kusifunguliwe, baba."

"Lini aliwahi kusema kufunguliwe? Mwaka jana katutisha hivyohivyo, kikashuka nini? Sungura! Nenda kaing'oe ile bendera."

"Lakini kazi yake ndiyo hiyo, kupima theluji..."

"Na yangu kuwalisha, wewe na yeye. Jumapili tunakwenda kwao kumposa. Unataka niingie nyumbani kwa watu kama mzee ambaye mwanawe anaamrishwa na mchumba?"

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Gvantsa: "Ukiitoa bendera, Jumapili msije."

Bachana aliusoma, akaisokomeza simu kifuani, akapanda lifti. Akaing'oa.

Mimi kijiji hiki nakijua. Nakumbuka majira ya baridi ambayo mlima ulishuka ukalizoa ghala la nyasi la kina Gvantsa, na babu yake ndani. Otar alichimba pamoja nasi, akalia kama mtoto. Kiangazi kilichofuata akasimika nguzo za lifti palepale, na wote tukamnywea divai kumpongeza. Wapo wanaosema wamesahau. Mimi sijasahau.

Gvantsa alikuwa bado juu alipowaona vijana wawili wakishuka kwa skii, vile vibao vya kutelezea, wanacheka, mmoja anajipiga picha. Alijua maana yake. Bachana ameitoa.

Angeweza kubaki kwenye miamba. Lakini aliteleza kuwakatia njia, mikono juu.

"Rudini ukingoni! Pitieni kwenye mawe! Msisimame!"

"We dada, si wamefungua?"

"Toka, mpumbavu wewe, toka!"

Wakatoka. Yeye alikuwa katikati.

Bachana, kutoka juu, aliona ufa. Ulikuwa mstari mwembamba tu, kama wa kalamu, ukakimbia juu ya mteremko bila sauti. Halafu mlima wote ukaanza kutembea. Koti la njano la Gvantsa likaelea, likazama, likaibuka mara moja, likapotea. Sauti ilikuja baadaye, na ilipokuja watu kwenye foleni walikaa chini bila kuambiwa.

Bachana akampigia. Simu ikaita. Ikaita. Akapiga tena huku akishuka, anaanguka, anaamka.

"Zimeni simu!" Jumber, mkuu wa waokoaji, alinguruma. "Kila mtu! Zinavuruga vifaa vya kutafutia! Bachana, zima!"

"Ikiwa atapiga?"

"Aliye chini ya theluji hapigi, mwanangu. Kifaa alichovaa ndicho kinaita. Zima tumsikie."

Bachana aliitazama ile simu kama mtu anayeambiwa aachie mkono wa mgonjwa. Akaizima.

Kifaa cha kutafutia kikalia mkononi mwa Bachana, tiii... tiii... Kikasita. Akaenda kushoto, mlio ukafifia. Akarudi, huku jua likiwaka vizuri kabisa, kama halijafanya kitu. Mlio ukaongezeka. Akapiga magoti. Jumber akazamisha ufito mrefu thelujini mara ya kwanza, mara ya pili. Ukagota kitu.

"Chimbeni!"

Mabeleshi. Kipande cha njano. Nywele. Uso wa rangi ya majivu. Bachana akamtoa theluji mdomoni kwa vidole.

"Gvantsa! Gvantsa, mama, pumua!"

Hakupumua. Jumber akampulizia. Akampulizia tena. Ndipo akakohoa, na mimi, mtu mzima, nikaangusha beleshi.

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza, Otar aliwahi mlangoni kabla ya polisi.

"Binti mwenyewe aliingia sehemu iliyofungwa," alisema kwa sauti, wageni wasikie. "Bendera ilikuwepo. Namhurumia, lakini ilikuwepo."

Watu wakatazama viatu vyao.

"Haikuwepo," Bachana alisema. "Iko kwenye begi langu, baba. Niliing'oa mimi. Wewe ndiye uliyeniamuru."

"Funga mdomo. Ukisema hivyo mbele ya polisi, huna baba."

"Polisi huyo hapo. Afande, andika."

Otar akaondoka, akaisahau kofia yake. Bachana akaketi kando ya kitanda.

"Nisamehe."

"Sijakusamehe," Gvantsa alinong'ona. "Kule chini sikujua juu ni wapi. Nilikuchukia. Halafu nikaogopa kwamba hutakuja, nikakuchukia zaidi."

"Jumapili nisije?"

Gvantsa alimgeukia.

"Njoo. Peke yako. Mama atakutukana, utakaa kimya, utakula. Ya msamaha nitaamua mwenyewe."

Ndiyo harusi mliyoingoja? Hiyo itakuja au haitakuja. Lakini leo hoteli imetangaza kwamba Jumamosi juu kunafunguliwa, "theluji safi kabisa", na kwamba mpimaji mpya ameajiriwa, binamu yake Otar.

Basi wewe uliyelipia chumba, wapigie sasa hivi, kifute, na uwaambie kwa nini. Jumamosi njoo usimame nasi kwenye geti la lifti. Asipite mtu hadi Gvantsa apande, apime, aseme kwa mdomo wake. Unasubiri nini? Piga!